Mbolea ya peluzi hainunuliwi kwa gunia

Bwana Mhariri,

Jua la Septemba na Oktoba likishazikausha peluzi, yaani nyasi za mapambo, za Lubumbashi mpaka zikafanana na mkeka wa zamani, watu wote hutafuta mbolea kwa wakati mmoja, na wote huuliza swali lilelile: gunia ni bei gani? Swali hilo ndilo linalokula makuta, yaani pesa. Gunia si kipimo. Lile lililobeba bunga kilo 50, ukilijaza samadi ya kuku iliyokauka vizuri, linafika kilo 30 hivi. Lijaze samadi ileile ikiwa imenyeshewa, litapita kilo 45, na sehemu kubwa ya huo mzigo ni maji uliyoyalipia, ukalipia na pusipusi ya kuyafikisha nyumbani.

Tunawaandikia wenye nyasi za kutunza, iwe ni kwenye lupango (kiwanja cha nyumba), shule, parokia au hoteli, na vijana wanaohudumia peluzi za watu kwa malipo ya mwezi, ambao wanataka mbolea ya asili, kwa wingi, na kwa bei inayovumilika.

Tuanze na maji. Chukua kilo 1 ya mbolea unayouziwa, itandaze juu ya bati au karatasi ngumu juani siku mbili, uipime tena. Ikibaki gramu 800, hiyo ni kavu ya kutosha. Ikibaki gramu 500, nusu yake ilikuwa maji. Sasa tuchukue bei za mfano tu. Muuzaji wa kwanza anauza gunia la kilo 30 kwa franka 9,000, lakini nusu ni maji: unapata kilo 15 kavu, yaani franka 600 kwa kilo. Wa pili anaomba franka 12,000 kwa kilo 30 zenye maji kidogo, sehemu moja kwa tano: unapata kilo 24 kavu, yaani franka 500 kwa kilo. Aliyeonekana ghali ndiye rahisi. Mwenye haraka aikamate mkononi na kuiminya kwa nguvu. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ondoka. Ikishikana bila kutoa tone, jadili bei. Ikimwagika kama pumba, ndiyo unayoitaka kwa kununua. Dreshi, yaani mabaki ya nafaka ya kiwanda cha bia, ni mfano mzuri wa mtego huu: ikiwa kavu ina azoti sawa na samadi ya kuku au hata zaidi, lakini inapotoka kiwandani robo tatu yake ni maji, na baada ya siku mbili inanuka vibaya. Waachie wenye nguruwe.

Baada ya maji, azoti, ambayo wengine huiita nitrojeni. Hiyo ndiyo inayoleta ukijani. Samadi ya kuku kavu ina azoti asilimia 3 hivi, wakati mwingine 4. Ya mbuzi ni kati ya 1.5 na 3. Ya ng'ombe ni 1 mpaka 2, na mboji ya majani haipiti sana 1.5. Mashudu ya soya yanafika 7, na damu iliyokaushwa ya machinjioni 12 au 13, lakini mashudu yanagombaniwa na wafugaji, na damu hainunuliki kwa tani. Kwa peluzi kubwa za hapa kwetu, kuku ndiye mwenye hesabu nzuri.

Ila uliza ni kuku gani. Kuku wa mayai hulishwa chokaa nyingi kwa ajili ya maganda, na chokaa hiyo hutoka katika mavi yao. Kwa udongo wetu mwekundu, ambao kwa asili una asidi, hiyo ni zawadi juu ya mbolea. Ya kuku wa nyama hutoka bandani kila baada ya wiki sita hivi, ikiwa imechanganyika na maranda ya mbao. Maranda kidogo hayadhuru. Yakiwa mengi kuliko mavi yenyewe, vijidudu vinavyoyaozesha vitanyonya azoti ya udongoni, na peluzi itageuka njano wiki tatu baada ya kuwekewa mbolea. Mwenye nyumba atasema mbolea ilikuwa ya bandia. Hapana, alinunua mbao.

Sasa mifuko ya dukani. Hapa ndipo watu wengi wanapoangushwa na maandishi, maana mifuko inatoka nchi mbalimbali na kila nchi inaandika kwa njia yake. Ulioandikwa kwa mtindo wa Ulaya, tuseme 5-3-8, unamaanisha azoti asilimia 5, kisha fosfori na potasi. Ule wa Afrika Kusini, unaopitia Kasumbalesa, unaandikwa kwa mfano 3:1:5 (18). Hapo 3 si asilimia. Jumlisha 3, 1 na 5, unapata 9. Gawanya ile 18 iliyo kwenye mabano kwa 9, unapata 2. Kisha zidisha kila namba kwa 2: azoti 6, fosfori 2, potasi 10. Kwa hiyo mfuko wenye 3 mbele una azoti nyingi kuliko wenye 5 mbele. Fosfori yao pia wanaihesabu ikiwa safi, wakati Ulaya wanaihesabu pamoja na oksijeni yake, hivyo ile 2 ni sawa na 4.6 kwa hesabu ya Ulaya. Ukikuta maneno ya Kifaransa "amendement organique", ujue kwamba kwa kanuni za Ufaransa hiyo ni ya kurekebisha udongo, na azoti, fosfori na potasi kila moja iko chini ya asilimia 3. Si vibaya, lakini usiilipie bei ya mbolea. "Organo-minéral" maana yake kuna mbolea ya chumvichumvi, ya viwandani, ndani. Mfuko ulioandikwa "bio" tu na kuchorwa jani la kijani, bila namba hata moja, uache ukae pale pale dukani.

Kwa hesabu ya haraka: mfuko wa kilo 25 wenye azoti 6 unabeba kilo 1.5 ya azoti. Gunia la kilo 30 la samadi ya kuku iliyokauka, lenye kilo 24 kavu kama tulivyoona, linabeba robo tatu ya kilo hivi. Magunia mawili ya kuku kwa mfuko mmoja wa duka, basi. Bei ya magunia mawili pamoja na usafiri ikiwa chini ya bei ya mfuko, nenda bandani. Ikiwa juu, nenda dukani. Hoteli ambayo wageni wanakunywa kahawa kando ya nyasi inaweza kuchagua mfuko hata ukiwa ghali kidogo, kwa sababu ya harufu.

Kuna bidhaa mbili zinazouzwa kwa jina la mbolea na si mbolea. Ya kwanza ni udongo mweusi unaoletwa kwa bene (lori la kumwaga) kutoka mabondeni. Unafaa kusawazisha mashimo, lakini azoti yake ni ndogo na huja na mbegu za magugu ya kila aina. Ya pili ni udongo wa kichuguu. Vichuguu vikubwa vya kando ya mji vina chokaa na potasi kuliko udongo wa kawaida, ndiyo maana mahindi hustawi juu yake, lakini ni udongo wa kufyatulia matofali: utandaze juu ya nyasi, mvua mbili tu, utaganda na kuziba hewa.

Na kwa mji wetu kuna jambo ambalo mtu wa Kolwezi au Likasi pia atalielewa. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911, na pepo zetu za kawaida hutoka kusini mashariki, hivyo moshi wa miaka mingi ulishuka upande wa kaskazini magharibi ya ile cheminé, bomba lake la moshi. Udongo wa huko, kama Penga Penga, una shaba nyingi mpaka sehemu nyingine zilibaki uchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuotesha nyasi pale kwa kuweka chokaa na mbolea ya asili. Mboji au udongo uliozolewa upande huo usiuingize kwenye lupango lako hata ukipewa bure. Shaba haiozi.

Njia ya kugundua mchanga katika samadi ni chupa. Jaza theluthi moja ya mbolea, ongeza maji, tikisa, uache dakika kumi. Mchanga na changarawe vitakaa chini kama tabaka la rangi nyingine. Tabaka jembamba ni la kawaida, maana bandani wanakwangua sakafu. Likifika robo ya kilichozama, umeuziwa uwanja.

Wakati wa kununua ni Julai na Agosti. Njia za kwenda kwenye mafermu ni kavu, mbolea ni kavu, na hakuna anayeigombania. Inakupa pia muda wa kuiivisha, na kuivisha si hiari. Samadi mbichi ya kuku ina amonia na chumvi nyingi: inachoma nyasi kwa madoa ya mviringo ndani ya siku tatu mpaka tano, inaleta nzi, na mchwa hufuata maranda yaliyobaki. Ya ng'ombe mbichi huja na mbegu za majani aliyokula.

Rundika lundo lenye upana na kimo cha mita 1.5 hivi. Dogo kuliko mita 1 halishiki joto. Samadi tupu ya kuku wa mayai ichanganye na majani makavu, sehemu mbili za majani kwa moja ya samadi kwa ujazo. Ile yenye maranda tayari inatosha yenyewe. Nyunyizia maji mpaka iwe kama sifongo iliyokamuliwa, kisha funika kwa bashi (turubai). Chomeka ndani kipande cha chuma cha kujengea, baada ya siku tatu kichomoe na ukishike: kama huwezi kukishikilia, lundo linafanya kazi, liko kwenye digrii 55 au 60. Pindua wiki ya kwanza mara mbili, kisha kila wiki mara moja, ya nje iende ndani. Ukipindua halafu lisipate tena joto, na harufu ikawa ya udongo wa msituni, limeiva. Mara nyingi ni wiki nane mpaka kumi. Likinuka mayai mabovu, lina maji mengi: pindua na uongeze majani makavu. Likinuka amonia mpaka machozi, azoti inakukimbia hewani, na dawa ni hiyohiyo ya majani makavu. Majivu ya mbabula, jiko la makaa, yana potasi na chokaa, lakini usiyachanganye ndani ya lundo, kwa sababu yanaifukuza azoti. Yaweke peke yake kwenye nyasi, kilo 5 kwa mita 100 za mraba, wiki tatu kabla ya mbolea. Lundo likae mbali na kisima, mita 30 ikiwezekana, na upande wa chini wa mteremko.

Kiasi. Nyasi zetu za kutambaa zinakua wakati wa mvua na kulala kuanzia Mei. Gramu 10 za azoti kwa mita ya mraba kwa msimu mzima zinatosha, hasa ukiyaacha majani yaliyokatwa palepale, maana yanarudisha karibu robo ya chakula. Karibu nusu ya azoti ya samadi ya kuku ndiyo inayofunguka msimu wa kwanza, kwa hiyo peluzi ya mita 400 za mraba inataka magunia 12 ya kilo 30. Gawanya mara tatu: mwanzo wa Desemba mvua zikishakolea, katikati ya Januari, na mwisho wa Februari. Chuja kwa wavu wa sentimita 1. Kata shingo ya chupa ya maji ya lita 1.5, ikijaa mbolea ni gramu 600 hivi, inatosha mita 2 za mraba. Mwaga nusu ukitembea upande mmoja na nusu ukikatisha, bila hivyo utapata mistari kama shati la gerezani. Majani yawe makavu unapomwaga, kisha fagia ili mbolea ishuke chini, halafu mwagilia. Wingu zito likionekana, acha mpaka kesho: mvua ya hapa inaweza kupeleka yote mferejini kwa nusu saa.

Kanta, lile lori dogo, yenye sanduku la mita 3 kwa 1.7 kwa 0.7 inabeba mita za ujazo 3.5 hivi, karibu kilo 1,600 za samadi kavu. Hiyo ni malupango manne ya ukubwa huo, kwa usafiri mmoja badala ya minne. Lakini pimeni sanduku kwa mita wenyewe, na mtazame kama limejazwa kabla gari halijaondoka kwenye fermu, maana njiani mbolea hushuka na dereva atasema ilikuwa imejaa.

Kwa wauzaji tuna ombi dogo, na tunaliomba kupitia gazeti lako kwa sababu wanalisoma. Kabla ya kulifunga gunia, andika juu yake, hata kwa kipande cha makaa, kilo, ni kuku wa mayai au wa nyama, na tarehe mbolea ilipotoka bandani. Mnunuzi atakayeyaona hayo matatu hatauliza tena gunia ni bei gani.

Watunza bustani,
Lubumbashi