Nyama inayocheza haina jini

Mhariri,

Msomaji wenu wa wiki jana aliyeuziwa nyama ya mbuzi "inayopumua" akaitupa jalalani amenitia uchungu. Nimekagua nyama machinjioni kwa miaka 31, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Kisa kama chake nilikishuhudia hapa Morogoro, kwenye bucha ya jirani yangu. Ilikuwa Jumamosi, saa moja kasoro asubuhi, na mbuzi alikuwa amechinjwa alfajiri. Muuzaji aliweka paja kwenye mizani, mama mmoja akaona mnofu karibu na nyonga unarukaruka, kama kope inavyocheza. Akapiga ukelele. Punde mlango umejaa watu: huyu anasema mbuzi wa majini, yule anasema amedungwa sindano. Muuzaji, maskini, anaapa kwa watoto wake.

Mbuzi alishakufa, ni kweli, ila nyuzi za msuli wake zilikuwa hazijapata habari. Ndani ya kila uzi mna vifuko vya kalsiamu, na humo inashikiliwa na protini iitwayo kalsekwestrini. Msuli ukipumzika, nje ya vifuko hivyo kalsiamu ni haba mno, kama mara 10,000 pungufu kuliko kwenye damu. Kisu kikigusa mshipa wa fahamu, au ukinyunyiza chumvi, vifuko hufunguka. Kalsiamu inamwagika na kudakwa na protini nyingine, troponini. Hii ndiyo bawabu. Imekaa juu ya tropomiosini, protini nyembamba kama kamba iliyolala kwenye uzi mwembamba wa protini iitwayo aktini na kuziba mahali ambapo miosini, protini inayovuta, ingeshika. Troponini ikishadaka kalsiamu, kamba inasogea, miosini inashika na kuvuta, na mnofu unaruka. Kisha pampu zinairudisha kalsiamu vifukoni, mnofu unatulia. Ndivyo mkono wako unavyoinua kikombe cha chai, na hakuna anayekuitia mganga.

Bawabu huyo aligunduliwa na Mjapani, Setsuro Ebashi, akiwa na wenzake Tokyo katika miaka ya 1960. Kabla yake wataalamu wengi walikuwa hawaamini kwamba chembe ya kalsiamu tu inaweza kuamrisha msuli. Hata leo ukurasa wenu wa afya unaitaja kwa mifupa na meno basi, kama vile msuli unajiendesha wenyewe.

Pampu nilizozitaja zinatumia nishati, na baada ya kuchinja nishati ile inakwisha bila kujazwa. Kalsiamu inavuja, miosini inashika na haina nguvu ya kuachia. Hapo ndipo nyama inapokakamaa. Kwa hiyo, bwana mkubwa uliyetupa nyama yako, ile iliyokuwa inacheza ilikuwa haijafika hata huko. Mbichi kuliko hiyo ungeipata wapi?

Lawama nyingine nitawapa akina mama na akina baba wa sikukuu. Mnanunua nyama ingali na joto la mnyama, mnaikimbiza kwenye friza, halafu siku ya kupika mnasema muuzaji kawauzia mbuzi mzee. Nyama iliyogandishwa kabla ya kukakamaa, ikiyeyuka inaachia kalsiamu yake kwa mkupuo. Inajikunja, inatoa maji mengi kwenye sinia, na ukiitafuna ni kama kandambili. Iacheni kwanza kwenye friji ya kawaida mpaka kesho yake, ikakamae na kuachia. Tena kalsiamu hiyohiyo iliyovuja huamsha kimeng'enya kiitwacho kalpeini, ambacho hukatakata protini za msuli taratibu, nyama ikalainika. Wazee wetu walitundika paja usiku kucha kwenye baridi bila kujua jina la kimeng'enya chochote.

Mkitaka kuogopa nyama, ogopeni isiyo na muhuri, au iliyotundikwa juani inazongwa na nzi. Hizo hazichezi.

Lile paja la Jumamosi hakuna aliyelitaka. Nililinunua mimi kwa nusu bei, na lilikuwa bado linarukaruka ndani ya mfuko nilipofika kwangu. Mke wangu aliliweka kwenye friji, akalichemsha Jumapili kwa tangawizi na ndimu. Muuzaji yule hadi leo, akikata nyama ikiruka, anaifunika haraka kwa gazeti.

Mkaguzi wa nyama mstaafu,
Morogoro