Ptolemy hakuachiwa ufalme

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Ptolemy wa Misri imenifanya nishike kalamu.

Mmeandika kwamba Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, alipokufa alimwachia Ptolemy ufalme wa Misri. Hakumwachia. Alexander alikufa Babeli mwezi Juni 323 KK. Pete yake ya muhuri ilibaki kwa jemadari wake Perdiccas, na ufalme ukatangazwa kuwa wa Arrhidaeus, ndugu yake Alexander, na wa mtoto wa Alexander ambaye hata hakuwa amezaliwa. Ptolemy, mwana wa Lagus, alikuwa jemadari mmoja kati ya wengi. Misri alipewa awe liwali tu, kwa niaba ya wafalme hao.

Kutoka uliwali hadi ufalme alitumia miaka 18, na ninyi mmeiruka yote! Alimwua Cleomenes, msimamizi wa fedha aliyemkuta huko, akaikamata hazina ya talanta 8,000 na kwa fedha hizo akakodi askari. Maiti ya Alexander ilipokuwa njiani kwenda Makedonia, aliiteka akaipeleka Memphis, huko Misri, kwa sababu alijua mwenye kaburi ana hoja. Perdiccas akaja na jeshi kumwadhibu, akashindwa kuvuka mto Nile, watu wapatao 2,000 wakapotea, wengi wakaliwa na mamba, na maofisa wake mwenyewe wakamwua hemani. Jeshi hilohilo likamtaka Ptolemy awe msimamizi wa wafalme, akakataa. Yule mwana wa Alexander aliuawa kwa amri ya Cassander, mtawala wa Makedonia, yapata 310 KK, na bado Misri waliendelea kuandika hati kwa miaka ya utawala wa mtoto aliyekwisha kufa. Mwaka 306 KK Ptolemy alipigwa vibaya baharini huko Salamis, kisiwani Cyprus, na Antigonus, jemadari mpinzani wake, akajivika taji kwa ushindi huo. Ndipo Ptolemy, aliyeshindwa, naye akajiita mfalme, yapata 305 KK. Mtu aliyenyata miaka yote hiyo mnamwandika kama aliyeokota taji mlangoni?

Kilichoniuma zaidi ni aya yenu ya mwisho, kwamba mfalme huyo ndiye aliyeutaja Rhapta, mji wa kale wa biashara wa pwani yetu. Aliyeutaja ni Claudius Ptolemy, mtaalamu wa falaki na jiografia wa Alexandria, karne ya 2 BK, zaidi ya miaka 400 baada ya mfalme. Mfalme naye aliandika kitabu, lakini kilihusu vita vya Alexander, na kimepotea. Mjukuu wangu yuko kidato cha kwanza. Aliwatofautisha hao wawili kwenye zoezi, kama nilivyomfundisha, akapigwa mkasi. Nikaenda shuleni. Mwalimu, kijana mwenye adabu, akaniamkia vizuri, akanipa kiti, kisha akafungua droo akatoa gazeti lako. "Mama, si mimi, ni gazeti limesema." Nimefundisha historia miaka 31, na siku ile sikuwa na la kumjibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wanafunzi wasome magazeti.

Na hizo tarehe zenu za KK! Mmeandika kwamba Ptolemy alitawala kuanzia 282 hadi 305, kana kwamba miaka ya kabla ya Kristo inahesabiwa kwenda juu. Alianza 305, akafa 282. Wakati huohuo ukurasa wa mikeka ya kubeti hauna tarakimu hata moja iliyokosewa. Nimeukagua wote. Kwa hiyo yupo mtu ofisini kwenu anayejua kuhakiki namba, ila kazi yake inaishia huko.

Ninaomba masahihisho, na yasiwe ya kona ya chini kwa herufi za sisimizi. Yatoke Jumapili, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, yakianza na maneno "Ptolemy mfalme si Ptolemy wa Rhapta". Nyuma ya ukurasa huo wekeni tangazo lolote, ili mwalimu akikata kipande asiharibu habari nyingine. Nakala ya kwanza nitaipeleka shuleni mwenyewe Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, na daftari la mjukuu wangu nikiwa nalo.

Mwalimu mstaafu,
Tanga