Fundi wangu hataki kusikia habari ya PIN

Mhariri,

Nachukua samaki Ngomeni na kuwauza Malindi na Watamu, kwa Probox ambayo kiti cha nyuma nilishaking'oa ili maboksi ya barafu yaenee. Mwezi wa Juni, siku chache kabla ya tarehe 30, nilikaa mkekani na mwana wa dada yangu tukajaza ritani ya kodi kwenye iTax, mtandao wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Kikapu cha risiti za mwaka mzima kilikuwa mbele yetu. Nusu hazikusomeka: risiti ya petroli ukiiacha kwenye dashibodi, jua la Malindi huifuta ikabaki nyeupe kama sanda. Zilizosomeka nazo hazikuwa na PIN yangu, ile namba ya mlipa kodi. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya KRA yenye PIN ya mnunuzi, haipunguzi kodi hata shilingi.

Sheria yenyewe si ya uchoyo. Kilichotumika kutafuta mapato tu ndicho kinachotolewa kwenye mapato kabla ya kodi: petroli, matairi, bima, matengenezo. Hata gari huruhusiwa asilimia 25 ya bei yake kwa mwaka kwa sababu ya kuchakaa, na langu lachakaa kwelikweli. Maji ya chumvi yanayovuja maboksini yamekula sakafu, ukiinua zulia unaiona lami. Kupeleka watoto madrasa na kwenda arusini Mambrui havimo, ndiyo maana siku hizi nina daftari la kilomita kando ya usukani.

Wengi wenzangu hawajui kwamba haya hayamhusu aliye kwenye kodi ya mauzo, ile TOT. Mwenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huwekwa humo, na humo kodi hukatwa kwenye mauzo yote, hata uwe umechoma mapipa mangapi ya petroli. Mimi niliandika barua kutaka kutoka, kwa kuwa faida ya samaki ni nyembamba na barabara ndiyo inayoila. Ambaye gari lake halitembei sana na faida yake ni nono, abaki humo.

Sasa kilio changu. Fundi wangu hutengenezea magari chini ya mkwaju, na hajawahi kunidhulumu. Mwaka jana alinibadilishia bushi, shokabu mbili na klachi. Nililipa kwa M-Pesa, ujumbe ninao, lakini ujumbe wa M-Pesa si ankara. Kwenye ritani pesa zote zile zikawa sufuri.

Mpwa wangu akaniambia kuna njia: tangu mwisho wa Desemba 2024, muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, mnunuzi anaweza kumwandikia ankara yeye mwenyewe. Nikafurahi, nikampigia fundi kumwomba PIN yake. Kimya. Kisha akasema, "Mama, mimi na wewe tumekosana wapi?"

Simlaumu. Mwenye PIN asipojaza ritani hutozwa faini ya shilingi 2,000, hata kama mwaka mzima alikuwa akifunga bolti za jirani kwa mkopo. Kwake yeye PIN ni mtego, na hakuna aliyewahi kufika pale chini ya mkwaju kumweleza vingine. Semina za kodi hufanyiwa hotelini, asubuhi, saa ambazo yeye yuko chini ya gari la mtu.

Naomba maafisa wa KRA washuke kwenye gereji za Maweni na kwa mafundi wa matairi Gongoni. Waje jioni, wakae na mafundi wawajazie hizo ritani kwa simu, bure, mbele ya macho yao. Wakija na fulana na mabango peke yake, wasije.

Bushi zimeanza kugonga tena. Nimemwambia fundi kwamba safari hii nitamjazia ritani yake kwanza kabla ya kumwomba chochote. Bado anafikiria.

Mama Samaki,
Malindi