Kamera ya familia haichaguliwi kwa megapikseli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu jedwali la kamera ndogo za bei nafuu mlilolichapa hivi karibuni. Mmezipanga kwa megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, yenye 20 juu, yenye 10 mkiani, kisha mkawashauri wazazi wachukue ya juu kadiri mfuko unavyoruhusu. Mimi nilisafisha picha za watu kwa miaka 19, kwanza za filamu, baadaye za kadi, na ushauri huo umenikereketa.

Picha ya sentimita 10 kwa 15, ile ya kuweka kwenye albamu, inahitaji nukta 1,800 kwa 1,200 ili itoke safi. Zidisha: milioni mbili na ushee. Ukurasa mzima wa A4 unataka kama milioni 9. Watu walituletea picha za vikamera vya megapikseli 5 nasi tukawachapia, zikapendeza. Sikumbuki mteja hata mmoja aliyerudisha picha kwa kuwa megapikseli zilipungua. Waliorudi walirudi kwa sababu mtoto katoka kama moshi, au sebule nzima imejaa giza na chenga, na lawama tukabebeshwa sisi wa mashine.

Binti yangu naye alinunua ya megapikseli 20. Siku mwanawe anatembea hatua za kwanza, saa moja usiku, taa moja ukutani, alipiga picha zaidi ya 40. Tulizitazama pamoja. Tatu ndizo zilizoonyesha uso. Nikaigeuza ile kamera na kumwonyesha maandishi madogo yanayozunguka lenzi, ambayo hakuwahi kuyasoma: 1:3.2-6.9. Kisha nikamwekea pembeni kikamera changu cha zamani, Canon PowerShot S90 ya mwaka 2009, megapikseli 10 tu. Chenyewe kimeandikwa 1:2.0-4.9.

Hapo ndipo penye mambo, Mhariri. Namba ya kwanza ni jinsi tundu la lenzi linavyofunguka ukiwa hujavuta zumu. Ya pili ni ukishaivuta hadi mwisho. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 2 huingiza mwanga mara mbili na nusu kuliko ya 3.2, kwa hiyo shata, kile kipazia kinachopitisha mwanga, inafunga upesi zaidi na mkono wa mtoto haugeuki moshi. Na binti yangu alikuwa amekaa kwenye kochi anamvuta mjukuu wangu kwa zumu! Kutoka 3.2 hadi 6.9 alikuwa anapoteza zaidi ya robo tatu ya mwanga bila kujua. Angeinuka tu akamsogelea. (Ile zumu ya kidijitali msiihesabu kabisa, inakata picha na kuitanua, basi.)

Jingine ni ukubwa wa kihisi, kile kijibamba kinachopokea mwanga. Wengine hukiita sensa, ila mimi nikisikia sensa namwona karani na dodoso mlangoni. Kamera nyingi za bei ya chini zina kihisi cha milimita 6 kwa 4.5 hivi, kidogo kuliko ukucha. Ukizibananisha nukta milioni 20 hapo, kila moja inapata mwanga kiduchu, na usiku chenga haziepukiki. Kihisi kinachoitwa cha inchi 1 kina eneo kama mara nne ya hicho, ila kamera zake ni ghali zaidi. Mwenye bajeti ndogo aitafute iliyotumika.

Iliyotumika ina mitego yake. Piga picha ya ukuta mweupe uone kama kuna madoa, maana vumbi likishaingia ndani ya kamera ndogo, lenzi haing'oki ukafuta. Iwashe na kuizima mara kadhaa, usikilize lenzi kama inakwaruza. Ulizia betri na chaja yake kabla ya kitu kingine. Na kadi: kamera za kabla ya 2006 kwa kawaida hazisomi kadi za SD zinazozidi GB 2, na nyingine zinataka kadi za xD ambazo hazitengenezwi tena.

Ukiwa na simu nzuri ya siku hizi, sema kweli, gizani itakishinda kikamera cha bei ya chini, nami sitakudanganya ununue. Sisi tunaipenda kamera kwa sababu ni ya nyumba nzima. Simu ya mama ni ya mama. Kamera iko juu ya kabati, anaichukua yeyote, hata mjukuu wa miaka sita, ambaye picha zake ni za magoti yetu na paka.

Dukani, basi, mwombe muuzaji akuruhusu uende kwenye kona yenye giza. Mwambie mwenzako apunge mkono, mpige bila flashi, kisha ukuze picha kwenye kioo uhesabu vidole. Bonyeza kitufe nusu kwanza, usubiri kimraba cha kijani kinachoonyesha kuwa kamera imeshalenga, ndipo umalizie. Binti yangu alikuwa anakididimiza kwa pigo moja, halafu anasema kamera yake inachelewa. Tangu ajifunze hilo, hata ile ya megapikseli 20 imeanza kumpa nyuso.

Ombi langu, Mhariri: mtakapolirudia jedwali lenu, ongezeni safu mbili, ya namba za lenzi na ya ukubwa wa kihisi. Mkikosa nafasi, futeni ya megapikseli.

Ni mimi,
Msafisha picha mstaafu