Tovuti za huduma zijaribiwe kwenye simu kabla ya kupokelewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero inayowagharimu wananchi fedha na usiri wao, yaani tovuti za taasisi za umma ambazo hazitumiki ipasavyo kwenye simu. Natengeneza tovuti kwa kazi yangu, na ninaandika nikijua kwamba sehemu kubwa ya kasoro hizi haidai mfumo mpya.

Waombaji wengi wa kazi, mikopo ya masomo au leseni wana simu janja lakini hawana kompyuta. Wakifungua ukurasa hukuta maandishi yasiyosomeka kwa udogo, kitufe cha kutuma kimeangukia nje ya kioo, na fomu inayojifunga kabla hawajamaliza kuijaza. Hapo huenda steshenari, hulipa wajaziwe, na neno la siri huachwa mikononi mwa mtu wasiyemfahamu pamoja na namba ya kitambulisho. Sidhani kama wakuu wa taasisi wanaliona hili, kwa sababu mezani kwao hufika maombi yaliyokamilika tu.

Udogo wa maandishi mara nyingi hutokana na mstari mmoja uliosahauliwa katika msimbo wa ukurasa. Kivinjari cha simu kisipoelezwa upana wa kufuata, huuchukulia ukurasa kuwa ni wa kompyuta, hukadiria upana wa pikseli (nukta za kioo) 980 hivi, kisha huubana wote uingie kwenye kioo kidogo. Kuongeza mstari unaokiamuru kifuate upana wa simu ni kazi ya dakika chache, ingawa baada yake mafundi hawana budi kuondoa vipimo vya pikseli visivyobadilika katika picha na majedwali, maana hivyo ndivyo vinavyomlazimu msomaji kuuburuta ukurasa kulia na kushoto. Wapo wanaozuia hata kukuza ukurasa kwa vidole ili mpangilio wao usivurugike, na hilo halina utetezi, kwa kuwa linamfungia nje mwenye uoni hafifu.

Fomu ndizo zinazonisikitisha zaidi. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na kwenye kadi huandikwa kwa vistari. Mwananchi akiinakili kama anavyoiona, fomu nyingine humkatalia bila kumweleza kwamba kosa ni vistari, ilhali programu yenyewe ingeweza kuviondoa. Sehemu ya namba ilete kibodi ya namba, ujumbe wa kosa ukae chini ya kisanduku chenye kosa, na yaliyokwisha kujazwa yahifadhiwe mtandao unapokatika, kwa sababu kuyaandika upya ni kulipia bando mara mbili. Kuhusu vitufe, miongozo ya kimataifa ya WCAG 2.2, inayohusu tovuti kutumika na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, iliyotolewa Oktoba 2023, inataka eneo la kugusa lisipungue pikseli 24 kwa 24, na Google hupendekeza 48. Orodha za majina nazo zisitolewe kama picha za karatasi ndani ya faili zito la PDF, ambamo mtu hawezi hata kulitafuta jina lake.

Tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 jukumu la kusimamia viwango. Napendekeza kila mkataba wa tovuti ya huduma uwe na sharti hili: mtu asiyehusika na mradi apewe simu ya bei ya chini na bando la kawaida, ajaze fomu tangu mwanzo hadi apate uthibitisho, na malipo ya mwisho kwa mkandarasi yasubiri hadi afaulu. Kulipunguza dirisha kwenye kompyuta ya ofisini hakutoshi, kwa kuwa huko hakuna kibodi inayofunika kisanduku anachokijaza mtu wala simu inayolemewa na ukurasa mzito.

Kwa tovuti zinazotumika sasa, marekebisho yaanzie kwenye fomu za maombi na kurasa za malipo. Kurasa za historia ya taasisi na salamu za mkurugenzi zinaweza kusubiri mwaka mwingine wa fedha.

Msomaji wako,
Morogoro