Cheti cha sekondari hakiendeshi foklifti

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika humu kwamba sifa za kazi hazina rangi: unazo, unaajiriwa, huna, urudi nyumbani. Naomba nimjibu.

Naishi Greensboro, North Carolina. Shemeji yangu ni mtu wa Fizi, Kongo. Vita ya 1996 ilimkuta darasa la sita, na ujana wake ukaishia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Huku ameendesha foklifti, ule mtambo wa kuinulia mizigo ghalani, miaka minne, mpaka ghala lao likafungwa. Nimemwona kwa macho yangu akipandisha paleti ya sabuni rafu ya tatu, kila upande kimebaki kiganja kimoja, na hakugusa chuma. Ghala alilohamia lilipotangaza nafasi hiyohiyo, sharti la kwanza likawa cheti cha sekondari. Hawakumpandisha hata mtamboni wamwone. Anabeba maboksi pamoja na Wakongo wenzake. Walioko juu ya foklifti wote ni Wazungu.

Jambo hili lilishaamuliwa, tena kwa kesi ya jimbo hilihili. Kwenye mtambo wa umeme wa Duke Power pale Draper, Weusi waliwekwa idara ya vibarua tu, ambako aliyelipwa juu kabisa alikuwa chini ya wa mwisho wa idara nyingine. Mwaka 1965 sheria ilipokataza ubaguzi, kampuni ikawaambia wanaotaka kuhama walete cheti cha sekondari. Baadaye, asiye nacho afaulu mitihani miwili. Sensa ya 1960 ilionyesha wanaume Weupe waliomaliza sekondari jimboni ni asilimia 34, Weusi 12. Na Weupe walioingia zamani bila cheti wakaendelea kuchapa kazi vizuri tu! Willie Griggs na wenzake wakashtaki. Machi 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa haki, majaji wote walioisikiliza kwa kauli moja.

Mahakama haikufuta sifa. Nami sitaki mtu apewe chombo asichokijua. Ilimtaka mwajiri aonyeshe kwamba sharti lake, kama linawaengua watu wa rangi fulani, linahusu kazi yenyewe.

Aprili 2025 Rais Trump aliziagiza ofisi za serikali zisizipe kipaumbele kesi za aina hii, lakini hukumu ya Griggs ipo palepale. Tumemwandikia meneja wa ghala, tukimwomba ampe shemeji nusu saa juu ya foklifti, amtazame mwenyewe. Tunasubiri jibu.

Mwana Kigoma,
Greensboro, Marekani