Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa

Mhariri,

Wengi wanaojitolea kwenye tafiti za dawa na chanjo hapa Tanzania huulizia kwanza nauli. Waanze na fomu ya ridhaa. Humo watafute kibali cha maadili cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kama kinachojaribiwa ni dawa au chanjo, kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, pia. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti, ndipo aweke dole gumba. Nakala moja ni yako; nenda nayo nyumbani.

Uliza damu itachukuliwa kiasi gani na mara ngapi. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, ingawa mtaani utasikia ni chupa nzima.

Kinachoharibu zaidi ni kuficha. Mtu anakunywa mitishamba, au yumo kwenye utafiti mwingine, ananyamaza asije akaondolewa. Ini likianza kusumbua, daktari hajui chanzo ni dawa ipi. Mimba nayo isemwe mapema. Ukitaka kujitoa katikati, jitoe, hudaiwi sababu. Ila rudi upimwe mara ya mwisho, maana dawa huenda bado imo mwilini.

Mdau wa utafiti,
Bagamoyo